Fimbo Iliyoshuka Nusu

Nakutegea, msomaji, kaa vizuri. Mgeni wangu ana jicho moja, halipepesi, halina tongo, na kila linayemtazama hujifuta jasho.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Usinipe mkubwa, nipe Zuzu tu, na stesheni yake na vumbi lake. Haya, umenipa. Jicho hilo ni kamera ya televisheni, na wiki iliyopita tuliliacha limemganda Cornel usoni.

Mnakumbuka. Cornel, mpakia mchanga wa Zuzu, amesimama katikati ya ukumbi pale Dodoma mjini, kombe mkononi, bingwa wa pool wa mkoa. Mzee Stanley wa Chamwino, seremala aliyemfundisha kushika fimbo na ambaye ndiye aliyefungwa siku hiyo, amekuja kumpa mkono. Badala ya pongezi akamwinamia sikioni.

"Cornel. Uligusa, hukugusa?"

Mwingine aliyesikia ni Evodia, mke wa Cornel, kwa sababu alikuwa amesimama hapohapo, ameshika koti la mumewe.

Sasa sikilizeni jibu.

"Bingwa, tazama huku," alisema Joha. Huyu ni mtangazaji, katoka Dar es Salaam na kamera yake, na mkono wake ulishamshika Cornel kiwiko. "Tazama kamera. Cheka kidogo. Hapo, hapohapo."

Cornel akacheka. Mzee Stanley akasubiri kidogo, kama mtu anayesubiri chenji, kisha akauachia mkono wa kijana wake, akachukua kofia yake na kwenda zake.

Hilo ndilo lililokuwa jibu.

Evodia alimtazama mumewe akicheka na hakusikia kitu moyoni. Si furaha, si woga. Moyo ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini ukiugusa unadhani ni wa mtu mwingine.

Asiyecheza pool atauliza, kugusa nini? Nitaeleza haraka.

Gemu zilikuwa nne kwa nne. Mezani ilibaki mipira miwili, mweupe na mweusi. Anayeuzamisha mweusi ndiye anayekwenda Dar es Salaam kucheza na mabingwa wa mikoa mingine, kila wiki kwenye televisheni, kampuni ya soda imtafutie nyumba na kumhamisha na familia. Zamu ilikuwa ya Cornel. Mweupe umejificha nyuma ya mweusi, ikambidi aurefushe mkono juu ya huo mweusi ndipo aufikie.

Na mkono huo ulikuwa ndani ya shati la kampuni. Pana, la mikono mirefu, jina la soda limedariziwa pale penye kifungo. Siku zote Cornel alicheza na singlendi. Alipotaka kulikunja, Joha alimwambia, "Ukikunja, jina halionekani," naye akaliacha.

Basi: je, lile shati liliugusa mweusi kabla hajapiga? Likigusa ni faulo. Kwa faulo, Mzee Stanley anapata mapigo mawili, na mpira uko mdomoni mwa shimo. Hata mimi ningeuzamisha.

Mwamuzi hakuona. Kamera ilikuwa upande mwingine. Cornel akapiga, mweusi ukazama.

Watu wa mjini wangesema basi, mwamuzi hakuona, yamekwisha. Lakini Zuzu hawana mwamuzi. Wana meza moja, pale baa ya Dorkasi, ambayo zamani ilikuwa duka la ushirika, tulipopanga foleni ya sukari. Mwaka ile meza ilipoletwa watu waligombana juu yake mpaka mmoja akavunjwa taya. Hapo Mzee Stanley, aliyekuwa anakuja kuitengeneza miguu, akaweka sheria: ukifanya faulo, hungoji kuambiwa. Unailaza fimbo yako ukingoni mwa meza, mwenyewe, kimya, unampisha mwenzako. Asiyelaza hachezi tena pale.

Kulaza fimbo. Toka siku hiyo Zuzu hakuna aliyevunjwa taya.

Walirudi nyumbani juu ya lori la mchanga, kombe limefungwa kwenye khanga. Evodia alitaka kuuliza. Walipopita reli akafungua mdomo.

"Baba Anyesi."

"Mm."

"Umekula?"

"Sijala."

"Kuna mlenda."

"Haya."

Yakaishia hapo. Mtu akikuuliza kama umeua nyoka, unasema ndiyo au la. Usipojibu, nyoka yumo ndani ya nyumba na nyote mnakanyaga kwa vidole. Ndivyo walivyokanyaga siku mbili.

Jumapili, saa kumi jioni, kipindi kilirushwa.

Zuzu yote ilikuwa kwa Dorkasi. Waliotoka kanisani hawakwenda kwanza kubadili nguo. Jenereta linanguruma nyuma, ungo uko juu ya bati, na juu ya bati yuko Petro, fundi baiskeli, anauzungusha.

"Petro, kushoto."

"Kushoto kwangu au kwenu?"

"Kwa Mungu. Zungusha tu."

"Sasa?"

"Chenga tupu. Zungusha. Hapo, acha. Usipumue."

Na kweli, Cornel akatokea. Mdogo, mwekundu kidogo kwa rangi ya ile televisheni, lakini yeye. Vigelegele vikapigwa hadi jenereta halisikiki. Bibi mmoja alisogea hadi kwenye kioo akamgusa shavu.

"Mbona amenenepa?"

"Ni shati, bibi. Amevishwa shati la jirani."

Wakacheka. Cornel mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kreti la soda karibu na mlango, amezungukwa, anapigwapigwa mgongo. Evodia alisimama nyuma yake. Akafikiri: labda watu hawa hawataona kitu. Labda hakuna kitu. Akafikiri habari ya nyumba ya Dar, bomba la maji uani. Akashtuka kuona kwamba tayari ameshalifungua lile bomba na kukinga ndoo.

Ikafika gemu ya mwisho. Mweupe, mweusi. Kwenye kioo Cornel akainama, akarefusha mkono. Kamera ilikuwa mbele yake, inamwonyesha uso na mabega. Mkono na mpira vimezibwa na ukingo wa meza. Hakuna kilichoonekana. Evodia akatoa pumzi.

Kisha Cornel wa kwenye kioo akainuka. Fimbo ikashuka. Polepole, imelala, inaelekea ukingoni mwa meza, mkono ukiwa chini yake kama mtu anayelaza mtoto.

Ikafika nusu. Cornel akainua macho, akaitazama kamera. Fimbo ikapanda tena. Akainama, akapiga.

"Ona utulivu huo," ilisema sauti ya mtangazaji wa mchezo, mwanamume wa Dar, haonekani. "Anajipa mapumziko. Kijana wa miaka ishirini na nne, moyo wa jiwe. Hebu turudishe, watazamaji, polepole."

Wakarudisha, polepole. Fimbo ikashuka nusu, ikapanda.

"Mara nyingine tena, jamani, maana hii ni elimu."

Wakarudisha. Ikashuka nusu, ikapanda.

Baa ya Dorkasi ilinyamaza. Si kimya cha kusikiliza. Ni kile cha mtu akiingia na habari kutoka hospitali. Kila mtu pale aliwahi kulaza fimbo. Mkono wa kila mtu ulikuwa unaijua njia ile, ilipoanzia na ilipopaswa kuishia. Dar es Salaam nzima iliona utulivu. Zuzu iliona nusu ya ungamo.

Wakarudisha mara ya tatu.

Dorkasi akanyanyuka, akabonyeza kitufe. Kioo kikawa cheusi.

"Mafuta ya jenereta yamekwisha," alisema.

Jenereta nyuma lilikuwa linanguruma vilevile. Hakuna aliyelisikia. Watu wakaanza kukumbuka mbuzi, wakakumbuka mboga jikoni.

"Hongera sana, Cornel."

"Hongera, bwana. Umetutoa."

"Asante," alisema Cornel. "Asanteni."

Petro akauliza kutoka juu ya bati kama picha iko sawa. Hakujibiwa.

Toka kesho yake hakuna aliyemtukana Cornel. Ingekuwa afadhali. Walimsalimu, walimpisha njia, walimwita bingwa. Jioni ya Jumatatu alikwenda kwa Dorkasi, akaandika jina lake kwenye ubao kama wote, akasubiri zamu. Zamu ikafika. Aliyekuwa mezani akatazama saa ambayo hakuvaa.

"Lo, nimemwacha ng'ombe malishoni. Bingwa, cheza tu, cheza."

Wa pili akasema mgongo. Wa tatu hakusema kitu, alikwenda kukojoa na hakurudi. Cornel alipanga mipira peke yake, akaizamisha yote kumi na mitano, akapanga tena. Kesho yake hivyohivyo. Dorkasi ndiye aliyemweleza Evodia haya, huku akifuta glasi ambayo ilikuwa safi.

"Mwambie apumzike nyumbani kidogo," Dorkasi alisema. "Si kwamba namfukuza."

"Nitamwambia, dada."

"Simfukuzi, Evodia. Ila akiingia, watu wanatoka."

Na Evodia naye alipata yake. Kisimani wanawake walimpisha. Foleni ya ndoo ishirini, wakafungua njia: pita, mama Anyesi, kinga wewe kwanza. Mara ya mwisho kupishwa hivyo ilikuwa mama yake alipofariki. Akakinga. Maji yakajaa, yakafurika, yakamlowesha miguu, naye amesimama anayatazama, hadi mtu akamwambia, "Imejaa, mama."

Alhamisi asubuhi gari la televisheni likaingia Zuzu.

Joha alishuka na miwani ya jua, na mpiga picha mmoja, na mtu wa tatu ambaye Evodia hakumtarajia. Mzee Stanley. Amevaa shati la kampuni ya soda, mikono mirefu.

"Mbukwenyi," mzee akawasalimu kwa Kigogo.

"Shikamoo, mzee," Evodia akajibu. Cornel akatoka ndani, akainama. "Shikamoo."

"Marahaba."

Joha alifurahi kama bibi harusi. Alikuwa na furushi la barua. "Cornel, hujui umefanya nini. Ule mtindo wako wa kushusha fimbo na kuinua? Dar wote wanauiga. Sinza, Temeke, kila baa. Mtu hapigi mweusi kabla hajashusha na kupandisha. Wameupa jina, wanauita 'pumzi'. Wachezaji wakubwa, sisemi watoto. Juzi mmoja kaufanya mbele ya kamera, ukumbi mzima ukapiga makofi."

Cornel akamsogezea mzee kiti.

"Kwa hiyo leo tunapiga picha hapa, kwenye meza yako. Wewe na mwalimu wako. Jumapili inarushwa nchi nzima, Jumatatu mnahama. Lori la kampuni litawachukua na vyombo."

Walikwenda kwa Dorkasi. Meza ikafunuliwa turubai, vumbi likapigwa. Na watu, ambao wiki nzima walikuwa na ng'ombe malishoni na migongo mibovu, wakajaa hadi dirishani. Mpiga picha akaanza kufunga taa zake.

Hapo Mzee Stanley aliwavuta Cornel na mkewe pembeni, nyuma ya makreti.

"Lile swali langu," alisema. "Nimeliondoa."

Evodia alidhani hakusikia vizuri. "Umeliondoa vipi, mzee?"

"Nimeliondoa. Kama mtu anavyoondoa kiti. Halipo." Mzee alikuwa anavuta ncha ya shati lake. "Wamenipa kazi. Meza zote za mashindano, nchi nzima, nazichonga mimi pale Chamwino. Nimeshachukua vijana sita, wawili wana watoto. Yule mama wa televisheni amenieleza wazi: likianza neno la faulo, kampuni inaondoka Dodoma na haitarudi. Si wewe tu. Ni meza, ni vijana, ni kila kitu."

"Na sheria yako?" aliuliza Cornel. Lilikuwa neno lake la kwanza refu kwa siku tatu.

"Sheria ilikuwa ya kuzuia taya zisivunjwe. Kuna taya gani hapa? Wewe umeshinda, mimi nimepata kazi. Nenda Dar, mwanangu. Usinijibu kamwe."

Evodia alimtazama mzee huyu aliyeifundisha Zuzu nzima kujishtaki, akaona kwamba anaomba. Akamtazama mumewe. Kwa siku sita alikuwa akitaka jibu. Sasa jibu likawa kama mkaa katikati ya nyumba ya nyasi, na kila mtu anasema lifunikeni, lifunikeni.

"Baba Anyesi," alisema taratibu. "Mimi sikuulizi. Sikuulizi leo, na tukifika huko sitakuuliza. Ila ujue nilisikia."

"Najua ulisikia."

"Basi."

Joha akaita. Taa ziliwaka, ndani ya baa mchana ukawa mchana mara mbili. Mipira ikapangwa kama siku ile, mweupe nyuma ya mweusi. Mzee Stanley akawekwa upande mmoja wa meza, Cornel upande wa pili, na nyuma ya kamera, Zuzu.

"Mzee, kwanza wewe," alisema Joha kwa sauti yake ya kazini. "Siku ile ulifungwa na mwanafunzi wako mwenyewe. Unasemaje?"

"Alishinda," alisema Mzee Stanley. "Alishinda vizuri."

Dirishani mtu alikohoa.

"Na sasa bingwa wetu atatuonyesha ile pumzi yenyewe, ya asili, hapa ilipozaliwa. Cornel, inama kama siku ile. Halafu unainuka, unashusha fimbo, unatazama kamera, unainua. Tutaifanya mara tatu ili tuchague iliyo nzuri."

Cornel akainama. Shati la kampuni likaning'inia juu ya mweusi. Akainuka.

Akashusha fimbo. Ikashuka polepole, na Evodia akaona macho ya watu wote yanashuka nayo, midomo wazi. Nusu. Akaitazama kamera. Akaiinua.

"Safi," alisema Joha. "Tena. Safari hii usiharakishe kuinua."

Cornel akainama, akainuka, akaishusha. Nusu. Akaiinua. Uso wake ulikuwa hauna kitu, kama ukuta uliopakwa chokaa. Evodia aliuona ukuta huo na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kombe kitu kikamchoma kifuani, kikali, kama damu inaporudi kwenye mguu uliokufa ganzi. Alitambua ni nini. Mumewe ataifanya hii maisha yake yote. Kila wiki, mbele ya taa, kwa makofi.

"Ya mwisho," alisema Joha. "Hii ndiyo tutakayorusha. Kamera?"

"Inakwenda," alisema mpiga picha.

Cornel akainama. Akainuka. Fimbo ikashuka, ikafika nusu, ikasimama.

Haikupanda, haikushuka.

"Inua sasa," Joha alinong'ona. "Tazama kamera, bingwa. Inua."

Cornel hakuitazama kamera. Alikuwa anatazama ng'ambo ya meza.

"Usimwangalie mzee, angalia huku."

"Mzee Stanley," alisema Cornel.

Mzee alitikisa kichwa, kidogo sana. "Nilikwambia nimeliondoa, mwanangu."

"Uliliuliza mbele ya mke wangu."

"Cornel, mkanda unazunguka," alisema Joha, na sasa sauti yake haikuwa ya kazini. "Chochote utakachosema kinaingia."

Evodia alisogea hatua moja, kisha nyingine, hadi mwanga wa taa ukamfikia miguuni, akasimama hapo mumewe aweze kumwona. Hakumwambia sema, hakumwambia nyamaza. Jicho moja la kamera lilikuwa wazi, na macho yote ya Zuzu.

"Uliniuliza kama niligusa," alisema Cornel. "Niligusa."